Watembeza wageni, msiishie mlangoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana wanaotembeza wageni hapa Mji Mkongwe. Mimi ni fundi wa chokaa mstaafu, nakaa Mkunazini. Magoti hayanipeleki mbali siku hizi, kwa hiyo nashinda barazani, na kila kikundi kinachopita nakisikia.

Wote husimama kwenye mlango wa kale wa nakshi. Misumari hii ya shaba, kijana husema, ilikuwa ya kuzuia tembo. Picha zinapigwa. Tembo gani, Unguja? Mtindo ulitoka Bara Hindi kwenye tembo wa vita. Huku kwetu ulikuwa pambo na majigambo ya tajiri. Angeongeza hayo tu, hadithi ingekuwa ya kweli na utamu wake ule ule.

Lakini tembo hawaniumi sana. Kinachoniuma ni ukuta. Juzi kijana mmoja aliuonesha wa jirani yangu, unaobambuka vipande vipande, akawaambia wageni ni uzee. Uzee! Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, nimeukuta na babu yangu aliukuta. Ulianza kuharibika ulipopigwa plasta ya saruji. Chokaa hupokea unyevu na kuuachia, saruji huufungia ndani. Nikainuka, nikabandua kipande, nikamwekea bibi mmoja wa Kijerumani kiganjani ule unga wa nyuma yake. Umelowa, na ilikuwa kaskazi, jua la kukausha dagaa. Kikundi kizima kilikaa pale robo saa, hakuna aliyekumbuka mlango.

Wenye nyumba wakiridhia, waingizeni ndani watazame juu. Boriti za mikoko ni fupi, mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, vya tajiri na vya maskini. Upande mmoja wa jumba la kale la Beit al-Ajaib uliporomoka Disemba 2020 na kuua watu. Baada ya msiba ule, mgeni anaondokaje hapa bila kujua ni nini kinazisimamisha nyumba zetu?

Na chakula. Wageni hupelekwa Forodhani usiku, wakala pizza ya Zanzibar, ambayo sisi tunaona ni mkate wa mayai uliobadilishwa jina. Sina ugomvi nayo, wajukuu wangu wanaipenda. Ila kichochoro cha nyuma yangu kuna mama anauza urojo kuanzia alasiri: bajia, kachori, viazi, chatne ya nazi, chipsi za muhogo juu, na mchuzi wa embe mbichi unaokunja uso. Magharibi ikiadhiniwa sufuria imeshakwanguliwa. Vikundi vinampita hatua kumi tu, kwa sababu hana bango wala hatoi kamisheni.

Basi badilisheni saa. Anzeni matembezi alasiri, mkale kwake, mlipe bei anayolipa kila mtu, kisha mje kwangu. Kahawa ipo. Na kile kipande cha plasta nimekiweka kwenye mkebe chini ya baraza.

Fundi mstaafu,
Mkunazini, Unguja