Barua kwa binti yangu anayetoka jukwaani kwenda barabarani

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, ila bibi yako goti bado linamsumbua. Mamako ameniarifu kwamba umekwisha kukata tiketi ya treni ya Jumapili, na kwamba safari hii huendi Nairobi kurekodi vipindi vyako vya vichekesho bali kujiunga na wenzako kabla ya maandamano ya tarehe 25 Juni, ya kuwakumbuka waliouawa siku hiyo mwaka 2024. Sikuandikii kukukataza, kwa maana umri wa kukatazwa umekwisha kuupita. Nakuandikia kwa sababu kila ninapokuuliza swali langu kwa simu hunijibu kwa mzaha, na barua haikatizwi kwa kicheko. Ukikamatwa, nani atatupigia simu?

Najua utanitajia Eric Omondi. Yeye jukwaa la vichekesho la Churchill lilimpa jina, jina likampa mikataba ya matangazo, na angeweza kuendelea kula kwa jasho hilo hadi uzeeni. Badala yake, Februari 2023 alikwenda hadi nje ya Bunge pamoja na vijana waliovua mashati, wakidai gharama ya maisha ishushwe, wakaishia kwenye gari la polisi na baadaye kizimbani. Juni 2024, siku chache kabla ya maandamano ya Mswada wa Fedha kuanza, alifiwa na ndugu yake Fred, mchekeshaji mwenzake, katika ajali ya barabarani, na bado hakurudi nyuma. Namheshimu, ingawa baadhi ya vituko vyake havinifurahishi. Lakini liko jambo moja ambalo ninyi vijana hamlitazami: Omondi anaposhikwa, simu za watu zinamrekodi kutoka kila upande, na kabla hajafikishwa kituoni nchi nzima inajua ni kituo gani. Wewe unajulikana kuanzia Likoni hadi Malindi. Ukishavuka Voi, wewe ni binti wa watu mwenye mdomo, basi.

Juzi ulinitajia pia kundi la vichekesho la Redykyulass, kana kwamba mimi sikuwapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Moi akiwa bado madarakani, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna walimwigiza kwenye televisheni, na sisi makarani wa bandari ya Kilindini tulikuwa tukisimuliana vichekesho vyao huku tukigeuka kutazama nani amesimama nyuma yetu. Ulikuwa ujasiri, sikatai. Hata hivyo, wale walikuwa studioni, na ilikuwapo kampuni ambayo ingelazimika kuuliza waliko endapo asubuhi wasingeonekana kazini. Wala hawakuishia mahali pamoja. Kiarie aliingia Bungeni mwaka 2017 kama mbunge wa Dagoretti Kusini, na mwaka 2022 akarudi kwa tiketi ya UDA, chama cha Rais. Mong'are alitaka kuwania urais mwaka huo huo, shahada yake ikazua mzozo, na jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura. Wewe unaniambia hutaki cheo. Nakuamini, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, maana mwenye kutaka cheo hatimaye hupata wa kumtetea.

Desemba 2024 walichukuliwa vijana waliokuwa wakisambaza picha za kumkejeli Rais, watu ambao silaha yao ni utani kama yako, na wazazi wao walipitisha Krismasi bila kujua waliko, hadi baadhi yao walipoachiliwa Januari. Mwaka 2025 likaja la Albert Ojwang, mwalimu, aliyechukuliwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akafia mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central, Nairobi. Iliripotiwa kwamba babake alisafiri na hati ya shamba, akitumaini itakubaliwa kuwa dhamana. Niliposoma hayo niliinuka nikaenda kufungua kasha la karatasi zetu. Hati ya shamba la Kwale ingali katika jina la marehemu babu yako, jambo ambalo lingekwisha zamani kama mtu fulani wa nyumba hii angekwenda ofisi ya ardhi pale mamako alipomwambia. Kwa hiyo usiitegemee hati.

Utanijibu kwa Katiba, nami ninayo hapa mezani. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Cha 49 kinataka uelezwe sababu ya kukamatwa, uruhusiwe kuwasiliana na wakili, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Sasa niambie, saa hizo zitahesabiwa na nani, ikiwa hakuna anayejua umeshikwa saa ngapi na jina lako limeandikwa katika OB, daftari la matukio, ya kituo gani, au kama limeandikwa kabisa? Ndiyo maana nataka majina mawili. La kwanza ni la wakili, na awe amekubali kwa kauli yake mwenyewe, si wakili uliyemwona tu akizungumza kwenye runinga. La pili ni la mtu asiyeandamana, atakayekaa nyumbani na simu yenye chaji, ambaye utamwarifu kila unapohama kutoka mtaa hadi mtaa. Asiwe msanii mwenzako, kwa sababu nyote mtakuwa ndani ya gari moja. Namba ya mamako iandike kwa kalamu mkononi. Simu ndiyo kitu cha kwanza wanachonyang'anya.

Usidhani siioni kazi yako. Kile kipande ulichojifunga leso, ukasimama juu ya mtungi uliopinduliwa na kukata slesi ya mkate kwa rula ili mtoza kodi apewe asilimia 16 yake, mamako anakihifadhi kwenye simu na kumwonyesha kila mgeni. Mswada ule wa 2024, uliotaka mkate utozwe kodi hiyo, nilikuwa nimeusoma gazetini ukurasa kwa ukurasa bila kuelewa lolote, na nikauelewa kwa slesi ile. Ila nilipoitazama tena, kwa macho ya mtu aliyepima mizigo ya watu maisha yake yote, niliona kwamba ulikata karibu robo. Anayedai hesabu kwa serikali azipige zake sawasawa, la sivyo watamshika hapo hapo. Vilevile mwenye ukumbi aliyekuwa akikuita kila msimu wa harusi hakuiti tena tangu kipande kile kisambae. Wewe hulisemi, lakini mamako amelijua kwa namna unavyoomba nauli.

Pesa ulizotuma za mabati ya jikoni sikuzitumia. Ziko kwenye M-Pesa ya mamako na zitakaa hapo hadi urudi, kwa sababu dhamana ya fedha taslimu haisubiri mtu akope, na masika imekwisha kupungua, hivyo jiko linaweza kungojea hadi vuli. Fundi amekasirika, lakini huyo hukasirika kila mara. Kaka yako amerudishwa nyumbani kwa karo, hilo niachie mimi.

Treni ya mchana huingia Syokimau usiku, kwa hiyo usitoke hapo kutafuta matatu peke yako. Shangazi yako atakuja kukupokea. Mikate ya mofa itakayokuwa kwenye kikapu ni yake, usiimalize njiani. Yale majina mtumie mamako, si mimi, kwa maana simu yangu spika imekufa na fundi ameikalia tangu wiki iliyopita.

Wako,
Baba