Taulo za kufua zipimwe kwa kukauka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu ushonaji wa taulo za kike za kufua, zile zinazogawiwa wasichana shuleni. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizishona kwa oda za watu na vikundi mbalimbali. Karibu kila oda huja na sampuli, na karibu kila sampuli ina kasoro ileile: tabaka sita au nane za flaneli na kitambaa cha taulo zimeshonwa pamoja kuzunguka ukingo wote, chini yake kikawekwa kitambaa cha plastiki kisichopitisha maji, kitu kikawa kinene kama kishikio cha sufuria. Mwenye oda hukibonyeza kwa kidole gumba, akaridhika kwamba kitafyonza. Sijapata kumwona hata mmoja akikilowesha na kukianika.

Mimi nimekianika. Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, nilifua kimoja jioni kwa maji baridi (damu ikikutana na maji ya moto hung'ang'ania kwenye nyuzi), nikakitundika uani chini ya upenu. Kesho yake jioni juu palikuwa pakavu, lakini nilipofumua mshono nilikuta tabaka za katikati zingali na unyevu, na uvundo umeshaanza. Na mimi sina wa kumficha. Msichana wa bwenini hukitundika nyuma ya kanga au hukitandaza chini ya godoro, kwa sababu ukikiona tu unajua ni nini, kisha hukivaa kikiwa kibichi.

Bibi zetu walilijua hili. Sodo la zamani, ambalo somo, yaani kungwi, alimfundisha mwari wake kulivaa, aghalabu lilikuwa kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara kadhaa wakati wa kuvaliwa na kukunjuliwa chote wakati wa kufuliwa, kwa hiyo upepo ulifika kila mahali, na kwenye kamba kilikuwa kitambaa tu miongoni mwa vitambaa. Udhaifu wake ulikuwa kwingine: kilihama, na damu ilipita.

Ndiyo maana naupenda mfano wa Days for Girls, shirika la Marekani lililoanzishwa na Celeste Mergens mwaka 2008 kutokana na shida aliyoiona kwa wasichana wa kituo cha yatima nchini Kenya. Mfano huo umetenganisha kazi mbili. Kuna ngao nyembamba yenye plastiki, yenye mabawa ya kufungia kwenye chupi, na kuna kipande cha flaneli kinachokunjwa na kuchomekwa katika mifuko midogo iliyo kwenye ncha mbili za ngao. Kikikunjuliwa, hakina tofauti na leso. Ushonaji wa ngao unachukua muda kidogo, sikatai, ila kile cha ndani ni kupinda ukingo tu, na mama yeyote mwenye sindano anaweza kumwongezea binti yake vingine nyumbani.

Kuhusu mabawa, naomba yawekwe vifungo vya kubonyeza katika nafasi mbili badala ya moja. Chupi za wasichana hazilingani upana, nyingine zimelegea, na bawa lenye nafasi moja tu huiacha taulo izunguke hadi kwenye paja.

Mjadala wetu umekuwa wa bei: kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikarudishwa mwaka 2019. Bei si jambo dogo. Lakini taulo ya kufua iliyotolewa bure, ikalala chini ya godoro ikiwa mbichi, haijamsaidia mtu. Wanaotoa oda naomba wachukue sampuli yao, waimwagie kikombe cha maji, waifue, waianike kivulini siku ya mvua, kisha watazame saa. Baada ya hapo waniletee nishone.

Msomaji wako,
Fundi cherehani, Tanga