Barua kwa Shaibu: pawa saplai kwanza, taa baadaye

Mikindani, Mtwara
4 Desemba 2025

Kwako ndugu yangu Shaibu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mtanda, Lindi, wewe, mama na wadogo zetu wote. Huku Mikindani sote hatujambo, ila joto la Desemba limeshaingia na usiku tunafungua madirisha ya upande wa bahari tukisubiri upepo.

Ujumbe wako niliupata juzi jioni. Nimefurahi mno kusikia fedha ya korosho za shamba la Ruangwa imeshaingia, na kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyekwambia utoe fungu lako ununue unachokitaka. Milioni moja na laki sita si haba. Umesema hutaki pleisteshini ya mtumba wala laptopu, unataka kompyuta ya gemu utakayoifunga kwa mikono yako. Orodha yako ya vifaa nimeisoma mara tatu, na nimeona nikuandikie barua badala ya kukutumia sauti, maana haya ni mambo ya kuyasoma huku umeshika kalamu.

Umeanza na kasha la kioo lenye feni nne za taa. Ukafuata kadi ya grafiksi (inayochora picha za skrini) ya RTX 3060 ya mtumba, prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i5-12400F, na RAM (kumbukumbu ya muda) kijiti kimoja cha GB 8. Halafu chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka chumvi wakati wali umeshaiva, umeandika: "pawa saplai, ile inayokuja na kasha." Hapo moyo ulinipasuka, Shaibu, maana pawa saplai ndiyo inayolisha umeme kila kifaa. Kisa changu hukijui chote, maana mwaka 2022 wewe ulikuwa Liwale.

Mwaka ule nilifunga mashine yangu ya kwanza. Kasha nililinunua Dar es Salaam likiwa na pawa saplai ndani, na ubavuni mwa pawa saplai hiyo kulikuwa na karatasi ya rangi ya fedha iliyoandikwa wati 500. Miezi mitano ilifanya kazi vizuri. Kisha siku moja wakati wa magharibi umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa kishindo. Nikasikia mlio mkavu, kama mtu aliyekanyaga chupa ya plastiki, na nyuma ya kasha ukatoka moshi mwembamba wenye harufu kali ya kuungua. Mothabodi, ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, ilikufa palepale. SSD, diski ya kuhifadhi mafaili, nayo ilikufa, na humo mlikuwa na picha za bibi za mwaka wake wa mwisho, pamoja na sauti yake niliyomrekodi akisimulia ngano kwa Kimakonde. Nakala sikuwa nayo popote. Vifaa nilivinunua tena, sauti ile sitaisikia tena.

Fundi aliyeifungua pawa saplai ile (wewe usijaribu kamwe, kapasita za ndani hubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa) alinifundisha kusoma ile karatasi ya ubavuni, nami nakufundisha wewe. Usitazame namba kubwa. Tafuta mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiksi hulishwa na mstari huo. Yangu ilikuwa imeandikwa ampea 16. Zidisha 12 kwa 16, unapata wati 192. Hizo ndizo wati nilizokuwa nazo kwa kazi nzito, na namba ya 500 ilikuwa ya kuuzia tu. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 utakuta imeandikwa ampea 45 hivi kwenye mstari huo, yaani wati 540, karibu nguvu yake yote.

Tazama pia alama ya 80 Plus, inayoonyesha kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaotoka ukutani hufika kwenye vifaa badala ya kupotea kama joto. Na usome sehemu ya umeme unaoingia. Ikiandikwa volti 100 hadi 240, hiyo ndiyo ya kwetu. Umeme wa nyumbani ni volti 230, lakini unajua jinsi unavyoshuka jioni mpaka taa zinakuwa nyekundu, na pawa saplai ya namna hiyo huvumilia kushuka huko. Zile za bei rahisi mara nyingi zina swichi ndogo nyekundu nyuma, upande mmoja 115, upande wa pili 230. Ikiachwa kwenye 115 ukachomeka ukutani, inapasuka hapohapo. Ukiona swichi hiyo, rudisha mzigo dukani.

Kwa hiyo kata fungu la pawa saplai kabla ya chochote. Wati 550, mpya, ndani ya boksi lake, na isiwe ya mtumba hata ukiambiwa imetoka Dubai jana. Fungu la pili liwe la UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ili umeme ukikatika upate dakika chache za kuzima mashine kwa utaratibu. Hapo utaniambia fedha ya kadi imepungua. Ni kweli, na mimi nakuomba kadi usiinunue kabisa mwaka huu.

Nisikilize kwanza. Ile RTX 3060 inakula wati 170 peke yake na itameza sehemu kubwa ya fedha yako. Prosesa uliyoichagua ina herufi F mwishoni, na herufi hiyo maana yake haina grafiksi ndani yake. Kadi ya mtumba ikifa mwezi wa pili, skrini yako itakuwa nyeusi mpaka msimu mwingine wa korosho.

Badala yake chukua Ryzen 5 5600G ya AMD. Ina kori 6 na grafiksi ya Vega humohumo ndani, inakadiriwa wati 65 tu, na ikiwa ya boksi inakuja na feni yake. Umeniambia gemu zako ni eFootball na GTA V. Hiyo GTA V ilitoka kwenye kompyuta Aprili 2015, na walioitengeneza walipendekeza kadi ya GTX 660 yenye GB 2, kadi ambayo leo ni kongwe. Kwa Vega utaicheza kwa 1080p (picha ya HD kamili) ukiweka ubora wa picha chini au wa kati, na hutakwama. Mdogo wako Rama hataona tofauti yoyote zaidi ya kwamba kaka yake ana kompyuta.

Lakini hapa kwenye RAM usinikosee. Vega haina kumbukumbu yake, inaazima ya mashine, na kasi yake inategemea njia ya kufikia RAM. Kijiti kimoja ni njia moja, vijiti viwili ni njia mbili. Kwa hiyo nunua viwili vya GB 8, aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200, usinunue kimoja cha GB 16 hata bei ikiwa nzuri zaidi. Kwa kijiti kimoja mpira wa eFootball utakuwa unarukaruka skrini, nawe utailaumu prosesa bure. Bei ya RAM imepanda sana miezi hii, kwa sababu viwanda vimeelekeza chipu zake kwenye mitambo ya akili bandia, basi hapo kaza meno ulipe. Kama mothabodi ina nafasi nne za RAM, chomeka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS, programu ya mipangilio iliyo ndani ya mothabodi, uiwashe kasi ya 3200, maana ikiachwa yenyewe hufanya kazi taratibu kuliko ilivyoandikwa.

Mothabodi chukua ya aina ya B550. Ya B450 pia inafaa na ni rahisi kidogo, ila kama imekaa sana dukani huenda BIOS yake ni ya zamani na haiitambui prosesa hii, na kuisasisha bila prosesa ya zamani ni kazi ya kusumbuana na mafundi. SSD ya NVMe, ile aina ya kasi, ya GB 500 inatosha. Kasha liwe la kawaida, lenye wavu mbele na feni mbili. Kioo mbele huziba hewa, na Lindi kwa joto lile mashine inahitaji kupumua kuliko kung'aa.

Umeniuliza pia kuhusu ile kompyuta ya ofisi anayoiuza jirani yenu. Kama ni ya kizazi cha 6 au cha 7 cha Intel, iache. Msaada wa Windows 10 umekwisha tarehe 14 Oktoba mwaka huu, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ndiyo maana mashine hizo zimejaa sokoni. Tena nyingi ni nyembamba, kadi ya kawaida haiingii, na plagi za pawa saplai zake ni za kampuni yenyewe, huwezi kuweka nyingine kirahisi.

Kadi tutaitafuta mwakani Mungu akitujalia uzima. Tayari nimeshaipenda RX 6600 yenye GB 8, inakula wati 132 na ile pawa saplai ya 550 itaibeba bila kuhema. Kukitokea mtu wa kukuuzia RX 580 ya mtumba, jihadhari. Nyingi zilitumika usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali za Ethereum mpaka Septemba 2022, uchimbaji huo ulipokoma. Na zipo zilizoandikwa 2048SP, ambazo kwa nguvu ni RX 570 iliyovalishwa jina la nduguye.

Monita ya mjomba itafaa, ila chungulia nyuma yake. Kama ina tundu la VGA pekee, hakikisha mothabodi unayonunua nayo ina VGA. Kadi za siku hizi hazina, kwa hiyo mwakani utahitaji kibadilishi.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Dodoma hawalijui, sisi wa pwani tunalijua kwenye mabati yetu. Chumvi. Mashine yangu hii ya pili niliiweka karibu na dirisha la baharini, na baada ya miezi minane skrubu za nyuma zilikuwa na kutu kama za mtumbwi. Siku moja ikagoma kuwaka. Nilichomoa RAM nikaikuta meno yake ya dhahabu yamefifia, yana ukungu fulani. Nikachukua futio la shule la mtoto, lile jeupe laini, nikayasugua taratibu upande mmoja mpaka yakang'aa, nikapangusa unga wake, nikarudisha, ikawaka mara ya kwanza. Kwa hiyo iweke yako chumba cha ndani, na ikiwa imezimwa ifunike kanga kuukuu. Ikiwa imewaka usiifunike hata kidogo.

Ukiagiza Dar, mwambie muuzaji kila kitu kije ndani ya boksi lake, asikufungie mashine nzima kule. Unaikumbuka barabara ya Kilwa, hasa tangu mvua za Mei 2024 zilipoikata pale Somanga. Mashine iliyofungwa ikirushwarushwa kwenye buti la basi usiku kucha, kitu kizito ndani huvunja tundu lake. Risiti waifungie pamoja na mzigo, na wewe uupokee mwenyewe stendi, usimtume Rama.

Nitakuja Lindi Jumamosi tarehe 20, gari la asubuhi. Bisibisi ya nyota ninayo na pesti ya akiba ya kupitishia joto la prosesa pia. Wewe andaa meza pana, safi, mbali na jiko la mama. Vifaa vikifika kabla yangu, vingine vyote ruksa kuvifungua na kuvishangaa, isipokuwa boksi la prosesa. Chini yake kuna vijipini 1,331 vyembamba kama nywele, na kimoja kikipinda haiingii. Hiyo tutaifungua pamoja, nikuonyeshe ile pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona inapokaa.

Nisalimie mama, mwambie pweza nimemuota.

Ndugu yako,
Hamisi