Ufa wa kalamu yako haukuanzia sakafuni

Mji wa Kale, Mombasa

Swahibu yangu Athmani,

Waalaikumu salamu, na wa nyumbani nisalimie wote. Picha zote tatu za kalamu zako za wino nimezipata, pamoja na swali lako kwa nini ile iliyoanguka kifuniko chake kimepasuka. Kabla hujamgombeza tena yule mtoto kwa kuiangusha, itazame picha ya pili, ya mdomo wa kifuniko. Nyufa ni mbili, zimesimama wima kutoka ukingoni, na zote zimekomea pale pete ya shaba ilipokomea. Plastiki iliyovunjwa na sakafu haina adabu namna hiyo. Humeguka kipande, au huacha ufa wa kwenda mrama ulioanzia palipogonga. Ufa ulionyooka kufuata urefu wa kalamu, ukaanzia kwenye pete au kwenye meno ya kufungia, huo ni wa kuvutwa. Kalamu ilikwisha kupasuka ikiwa mfukoni mwako, sakafu imekuonyesha tu. Mtoto umwombe radhi.

Angalia ilivyotengenezwa. Ile pete ya ndani ya kifuniko haikubandikwa, imesukumwa kwa nguvu ikakaa. Chukua tundu la mm 10 na pete ya mm 10.05. Unene uliozidi ni kama wa unywele, lakini plastiki pale mdomoni imetanuliwa nusu ya asilimia, na haipumziki: usiku na mchana, mwaka wa kwanza na wa pili, inavutwa tu. Juu ya hapo wewe unaikaza kila ukiifunga, kama bomba la maji linalovuja. Kila jino la skrubu lina pembe kali chini yake, na kwenye pembe kali ndiko mvuto unakorundikana. Ndiyo maana nyufa nyingi za kwenye meno huanzia kwenye kina cha jino.

Umeniuliza kama ni kiyoyozi cha ofisini. Kina mchango, ila si yeye mshitakiwa mkuu. Polikaboneti, ile plastiki ya kalamu yako, hutanuka na kunywea kwa joto na baridi zaidi ya mara tatu kuliko shaba ya manjano. Msimu huu wa kaskazi ukitoka barabarani kwenye nyuzi 33 ukaingia ofisini kwenye 20, kifuniko kinanywea kuliko pete, kwa hiyo kinaikumbatia zaidi. Kwa tundu la mm 10 tofauti ni kama mm 0.006, yaani sehemu ya nane tu ya ule mkazo wa kiwandani. Ubaya wake ni kurudiarudia, kwenda na kurudi kila siku ya kazi.

Mchawi hasa ni kitu cha pili kinachoigusa plastiki ikiwa imeshavutwa. Plastiki iliyovutwa peke yake inaweza kukaa miaka. Ikavutwa halafu ikalowa spiriti, inakwenda kwa wiki, pengine kwa saa. Minyororo ya molekuli zinazounda plastiki ikitanuka huacha upenyo, spiriti ikaingia humo ikailegeza mishiko yake, minyororo ikateleza na kuachana. Kwanza huja ukungu wa vimistari vyeupe, vifupi, unaouona ukiigeuzageuza kalamu kwenye mwanga. Vimistari hivyo vikiungana ndio ufa. Sasa fikiria mkono wako asubuhi: sanitaiza pale mlangoni, haijakauka, kalamu unaishika. Au mafuta ya nazi uliyojipaka nywele. Au umemenya chungwa, na yale mafuta ya ganda yamebaki vidoleni, ambayo polistirini, aina nyingine ya plastiki, huyeyuka nayo kabisa. Mafuta ya karafuu nayo vivyo hivyo. Dawa ya kusafishia vioo yenye amonia inaila polikaboneti. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha na thina ya rangi, hizo hazibagui aina ya plastiki: polikaboneti, akriliki, polistirini, ABS, zote zinaharibika.

Usije ukaniambia basi plastiki haifai. Kalamu ya Parker 51 iliyoanza kuuzwa 1941 mwili wake ni akriliki, na ziko zinazoandika mpaka leo. Lamy 2000 ya 1966 ni polikaboneti iliyotiwa nyuzi za glasi. Lamy Safari ya 1980 ni ABS. Tazama zinavyofungwa: Parker 51 ina kifuniko cha chuma kinachoteleza na kubanwa kidogo na pete iliyoko mwilini, na Lamy 2000 hushikwa na vimasikio viwili vidogo vya chuma vilivyoko shingoni. Hakuna mdomo mwembamba wa plastiki uliotiwa pete ndani ukatanuliwa. Waliozichora walijua mzigo wampe nani. Polistirini ndiyo ningekuambia uiache dukani, na kuijua si kazi: igonge kwa ukucha, inalia kwa sauti kali kama bati, na ikipasuka haipindi kwanza.

Kalamu zako nyingine zilizobaki, usingoje ufa uonekane. Kama zina plastiki ya kuangaza, fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kompyuta ya mapajani, ile ya skrini ya LCD. Vaa miwani ya jua yenye polaraizi, ile ya kukata mng'ao, kisha inamisha kichwa pole pole mpaka skrini iwe nyeusi machoni mwako. Hapo weka kifuniko katikati ya macho na skrini. Plastiki isiyo na mkazo itabaki na giza. Penye mkazo patawaka rangi, mistari ya upinde wa mvua iliyobanana. Mistari ikijikusanya kuzunguka pete, au pale plastiki ilipoingilia kwenye kalibu ya kiwandani, basi ujue ufa ukija utakuja hapo. Simu haifai sana kwa kipimo hiki kwa sababu nyingi skrini zake ni za namna nyingine.

Kutofautisha ufa na mkwaruzo: mkwaruzo unausikia kwa ukucha, ufa mara nyingi husikii kitu. Lakini ukiuelekezea taa kwa ubavu unametameta kama kioo, kisha ukigeuza kidogo unapotea. Na ufa hunywa wino. Wino unapanda ndani yake kama mafuta kwenye utambi, ndiyo ile nyuzi ya buluu uliyoiona mdomoni ukadhani ni uchafu.

Hapo hapo nikutoe wasiwasi mwingine. Wino kupatikana ndani ya kifuniko si lazima iwe ni ufa. Ile kalamu yako unayomimina wino moja kwa moja mwilini, ikibaki nusu, ina hewa ndani. Hewa ya mililita 1.5 ikitoka nyuzi 20 ikafika 33 inatanuka kwa asilimia 4 na kitu, nayo inasukuma wino zaidi ya tone moja kutoka kwenye nibu, ile ncha ya kuandikia. Ukiwa unatoka ofisini kuingia kwenye matatu, isimamishe nibu juu, na usiiache ishuke chini ya nusu kabla ya kuijaza. Ukitaka uhakika, ioshe, ijaze maji, izungushie karatasi ya shashi, ilaze hadi asubuhi. Shashi ikilowa kwenye maungio tu, ni mafuta ya kuziba yamekwisha au oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, imechoka. Ikilowa kwa mstari, ni ufa.

Sasa kifuniko chenyewe. Supa gluu usiiguse. Najua iko kila duka na ni rahisi, lakini ndani ya kifuniko kilichofungwa mvuke wake unarudi kama unga mweupe ukutani, ikikauka ni kavu mno haifuati plastiki inapotanuka, na kabla haijakauka yenyewe inaweza kupasua polikaboneti iliyo kwenye mkazo. Utaziba ufa mmoja uzae watatu.

Anza kwa kuondoa mkazo. Ile pete ya ndani sharti itoke. Itie kwenye maji ya vuguvugu kiasi mkono unavyostahimili, si ya kuchemka, dakika tano. Plastiki itatanuka kuliko shaba, uisukume kwa kijiti cha mbao kutoka ndani, ukizungusha, usiikwanyue kwa bisibisi. Pete isipotoka acha kazi hapo, maana kila utakachobandika kitapasuliwa tena.

Ikitoka, osha kwa maji ya kawaida yenye tone moja la sabuni ya vyombo kwa kikombe kizima, suuza sana, kisha gusa ufa kwa ncha ya shashi mpaka usitoe rangi tena. Uache siku mbili ukauke. Kwa unyevu wa huku siku moja haitoshi. Halafu tafuta mwisho wa kila ufa kwenye mwanga, utie alama, na utoboe tundu la mm 0.5 pale pale mwishoni kwa biti ya kuzungushwa na vidole. Keekee ya umeme inaunguza plastiki, na sindano ya moto ni mbaya zaidi kwa sababu inaacha mkazo mpya. Tundu la duara halina pembe, kwa hiyo ufa hauna pa kuendelea. Ukikosa mwisho wake hata kwa nusu milimita, kazi yote ni bure, utaona ufa umelipita tundu ukasonga mbele.

Kuziba, tumia gundi ya kuchanganya, ya mirija miwili, lakini ile inayokauka polepole. Ya dakika tano ni nzito haiingii. Pasha moto kidogo kwa kuishika mkononi iwe nyepesi, ipake juu ya ufa, fungua ufa kidogo tu kwa kidole ili ivutwe ndani, futa iliyozidi, kisha funga kwa uzi wa kushonea mizunguko kama sita bila kukaza. Saa 24 usiiguse, siku tatu usiitumie. Mafundi wa mabango ya akriliki wana ile dawa nyepesi kama maji inayoyeyusha plastiki na kuiunganisha upya, na kwa akriliki ni bora kuliko gundi. Lakini kalamu yako ni polikaboneti, na nikiri kwa kifuniko chembamba kama hicho mimi singethubutu. Kama kuna mkazo umebaki, dawa ile inazaa nyufa mbele ya macho yako.

Gundi peke yake haitadumu, hilo nalo ulijue. Kinachotaka kuufungua ufa bado kipo, yaani mkono wako. Kwa hiyo badala ya kurudisha pete ndani, iweke nje. Pete ya ndani inatanua, pete ya nje inakumbatia, kama kamba inayofungwa kwenye mlingoti wa jahazi ulioanza kuchanika. Sonara yeyote wa huku mjini atakukatia pete ya fedha nyembamba, upana mm 3. Mwambie kipenyo cha ndani kizidi kifuniko kwa mm 0.1, iingie kwa kuteleza, isisukumwe. Hiyo nafasi ndogo ndiyo ya gundi. Ukimwachia akubanie kwa nguvu kama pete ya harusi, hapo utaiponda plastiki iliyokwisha kuchoka. Mpelekee kifuniko chenyewe, usimpelekee kipimo cha rula.

Ile kalamu ya tatu, yenye ufa shingoni pale unaposhika, usihangaike nayo. Pale pana wino muda wote, gundi haishiki penye wino, na nibu pamoja na ule ulimi wa chini yake vimesukumwa humo kwa nguvu vile vile. Nunua shingo nyingine kama zinauzwa, au itoe nibu uihamishie kalamu nyingine. Na siku ya kuitoa, vuta nibu na ulimi pamoja, moja kwa moja, bila kuyumbisha kushoto na kulia. Kuyumbisha kunatanua tundu.

Kwa zilizo nzima: zungusha kifuniko mpaka kiguse, halafu basi, hata robo mzunguko usiongeze. Unapoandika usikisukume nyuma ya mwili ili kikae imara, kiache kilegee au kiweke mezani. Klipu usiipanue kwa kitambaa kinene, mfuko wa kanzu unaitosha. Kwenye meno ya mwili wa kumimina wino paka mafuta ya silikoni kiasi cha robo ya punje ya mchele, mzunguko mmoja. Vaselini siyo, inavimbisha baadhi ya oringi na polistirini haiipendi. Silikoni utaipata kwa wanaouza vifaa vya kuzamia huko Nyali au Diani, wanaitumia kwa oringi za taa zao, na kijitube kimoja kitakufikisha miaka.

Ukivuka feri Jumamosi njoo na kifuniko hicho, nina ile biti ya mm 0.5. Kifunge kwenye shashi peke yake, usikirudishe kwenye kalamu.

Wako,
Bakari