Barua kwa mjomba aliyeacha vidonge vya moyo

Mjomba, shikamoo.

Jina lako silitaji, lakini wanao watakusomea hii na utajijua. Mkaza mjomba ameniambia umeacha atenololi kwa sababu kifua kimetulia, na vile vidonge vya chini ya ulimi umevitoa kwenye chupa yake ukavitia kwenye kifuko cha plastiki ndani ya mfuko wa kanzu. Habari zote mbili hazijanipendeza, na nikiwa ndiye mfamasia wa ukoo naomba ruhusa ya kugomba kidogo.

Kifua kimetulia kwa sababu ulikuwa unaimeza hiyo atenololi. Mishipa inayoulisha moyo wako imekuwa myembamba kwa mafuta yaliyojijenga kwenye kuta zake. Ukikaa barazani, damu inayopita inatosha. Ukitembea kwenda soko la Ngamiani umeshiba pilau, moyo unadai zaidi ya kinachofika, ndipo kifua kinabana na mkono unakuwa mzito. Atenololi inaupunguzia moyo mbio ili usidai kupita kiasi, lakini mishipa yenyewe iko vilevile. Mtu akiikata ghafla, maumivu huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na wapo walioishia kwenye shambulio la moyo. Hata daktari akiamua uiache, huipunguza kidogo kidogo. Mpigie leo, akwambie uirudie vipi.

Sasa, Mjomba, wanaume wengi huiacha kwa sababu ambayo hawaisemi mbele ya nesi. Dawa za kundi hilo huweza kumpunguzia mtu nguvu chumbani. Kama ni hilo, daktari ana njia nyingine za kukusaidia, ila hawezi kukibadilisha asichoambiwa. Ninachokiogopa ni mtu kunyamaza, kisha akajitibu kijiweni.

Hapa sitazunguka. Sildenafili na tadalafili, zile dawa za nguvu za kiume, hazikai mwili mmoja na kidonge chako cha chini ya ulimi. Zote zinalegeza mishipa ya damu. Zikikutana, presha inaporomoka na mtu anaweza asiinuke tena. Aliyemeza sildenafili asiguse kidonge cha ulimi kwa saa 24, na tadalafili ni saa 48. Kifua kikibana ndani ya muda huo, nenda hospitali moja kwa moja na useme ulichomeza, hata kama aliye zamu ni binti wa jirani. Na usinijibu kwamba wewe unatumia miti shamba tu. Unga na asali za kuongeza nguvu zimeshakamatwa katika nchi nyingi zikiwa zimechanganywa sildenafili kimyakimya, na hilo vumbi la Kongo linalouzwa mitaani halina karatasi ya kukuambia kilichomo. (Sildenafili yenyewe, ukitaka kucheka, ilianza kufanyiwa utafiti kama dawa ya maumivu ya kifua kama yako. Watu wa majaribio wakaripoti jambo jingine.)

Tuje kwenye kidonge chenyewe. Ni nitrogliserini, ileile ya dinamiti. William Murrell, daktari wa London, aliandika mwaka 1879 jinsi alivyowatibu nayo wagonjwa wa kifua, na Alfred Nobel, aliyetajirika kwa dinamiti, uzeeni aliandikiwa na madaktari wake kwa ajili ya moyo. Ni dawa inayopotea hewani na kuingia kwenye plastiki, ndiyo maana inauzwa kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Kwa joto la Tanga, kwenye kifuko kile ndani ya mfuko wa kanzu, huenda sasa umebeba chaki. Chukua chupa mpya, andika juu yake tarehe uliyoifungua, na usome kibandiko: nyingi huelekezwa zitupwe wiki 8 baada ya kufunguliwa.

Kifua kikibana, kaa chini kwanza. Ukiimeza ukiwa umesimama unaweza kuanguka. Nimesema kuimeza, lakini haimezwi wala haitafunwi: ikipitia tumboni, ini huiharibu karibu yote. Iache iyeyuke chini ya ulimi. Dakika 5 zikipita na maumivu hayajapungua, weka cha pili, na hapohapo watu wa nyumbani watafute gari la kwenda hospitali ya Bombo. Cha tatu ndicho cha mwisho, tena kiwekwe mkiwa njiani. Pikipiki usiendeshe wewe.

Kichwa kitakugonga. Ni mishipa ya kichwa nayo imepanuka, na panado inatosha. Wafanyakazi wa viwanda vya dinamiti walikuwa wakiumwa kichwa kila Jumatatu, katikati ya wiki kinapoa kwa kuwa mwili umeizoea dawa, wakipumzika Jumapili, Jumatatu kinaanza upya. Mazoea hayohayo ndiyo yanayoharibu kazi ya isosobaidi yako, ile ndugu ya nitrogliserini unayoimeza kila siku. Kwenye bahasha wamekuandikia "1x2", yaani kimoja mara mbili kwa siku, nawe unameza asubuhi na usiku. Hiyo 1x2 ya haraka inanikera kuliko maradhi yenyewe. Kwa mtu anayebanwa mchana, cha pili kwa kawaida huwa alasiri, ili usiku mishipa ipumzike na dawa isipoteze makali. Muulize daktari saa zako.

Aspirini ile ndogo na atovastatini hazitulizi maumivu, zinazuia damu kuganda na mafuta kuongezeka, endelea nazo. Diklofenaki ya goti acha, inauumiza moyo.

Ulimuuliza mkaza mjomba kuhusu saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, lilisema kidonge cha chini ya ulimi cha maumivu ya kifua hakifunguzi, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Kwa hiyo usivumilie mpaka magharibi. Kama ufunge au usifunge kabisa, hilo waulize daktari na shehe wako kabla ya Shaabani kuisha.

Jumamosi nitapiga simu ya video. Mkaza mjomba aweke mezani kila kidonge, kila unga na kila chupa iliyomo chumbani, pamoja na ulivyoletewa na wenzako wa kijiweni. Kisha yeye atoke kidogo, tubaki mimi na wewe.

Mpwa wako,
Dar es Salaam