Barua kwa Kaka Hamisi: gari la Saidi na gari la Shangazi

Columbus, Ohio

Kwa kaka yangu Hamisi, Ujiji.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta wewe, wifi na watoto mkiwa wazima. Mama mpe shikamoo yangu kabla hujamsomea haya mengine, na Shangazi vilevile. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Baridi imeshaingia, lakini tumeizoea.

Nimeona nikae niandike barua kamili, maana uliyoniuliza hayajibiki kwa ujumbe wa simu. Umeniuliza kama ni kweli nimekopa dola 70,000 kununua gari wakati paa la Mama linavuja. Halafu ukaniambia ndugu mnachanga mnunue Noah ili Shangazi apate usafiri wa kwenda hospitali ya Maweni, ukataka kujua nitatoa kiasi gani. Kaka, kwangu mimi hayo ni jambo moja, na ukinivumilia utaona kwa nini.

Ni kweli nimekopa. Kwa pesa ya nyumbani ni zaidi ya shilingi milioni 150, na najua mtu akiwa nazo hapo Ujiji anajenga, anahamia na nyingine anapangisha. Sina gari la fahari. Nina gari la kumtoa mpwa wako ndani ya nyumba.

Saidi sasa ana miaka 12 na misuli yake imezidi kulegea. Kiti mwendo chake cha umeme, hiki cha magurudumu, peke yake kina karibu kilo 150, kabla hajakaa. Hakikunjwi, hakibebeki. Kiti hicho kililipiwa na bima ya serikali kwa sababu daktari aliandika kwamba hawezi kuishi bila hicho, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini bima ile ile, ukiigusia gari, inasema gari si kifaa cha matibabu. Yaani mtoto anapewa miguu ya kutembelea sebuleni. Mlangoni, wazazi mtajijua.

Usidhani hapa hakuna chochote. Basi la shule lina lifti, linamchukua asubuhi na kumrudisha, na hatulipi. Mabasi ya mji nayo yanalazimika kubeba viti mwendo, ni sheria ya mwaka 1990. Kuna pia magari madogo ya mji yanayokuja hadi mlangoni, ila uweke nafasi tangu jana yake, na ukikaa maeneo ambayo basi la kawaida halifiki, hawakujii. Sasa niambie, homa ya usiku unaiwekea nafasi tangu jana? Msiba je? Ijumaa shemeji yako akitaka kumpeleka mwanawe msikitini, kisha wapitie kwa rafiki yake?

Kwa miaka yote tulimbeba. Shemeji yako anamshika kwapani kwa nyuma, mimi nashika magoti, tunahesabu moja mbili tatu, tunamwingiza kiti cha nyuma cha gari dogo. Miguu yake inabaki nje ikinasa kwenye mkanda, naizungukia naiingiza mmoja mmoja. Kiti cha umeme kinabaki nyumbani, tunabeba kile cha kusukuma, ambacho hakimshiki mgongo. Akifika tunakokwenda amekwishapinda na kuchoka, hataki tena kukaa. Mwaka huu amefika kilo 45. Mgongo wa shemeji yako umekataa, na daktari kamkataza kunyanyua. Kuanzia hapo Saidi alikuwa wa shule na nyumbani tu, akaanza kusema mwenyewe, "Nendeni, mimi nitabaki." Mtoto wa miaka 12, kaka. Hilo ndilo lililonipeleka benki.

Sasa kuhusu bei, maana najua bado unauliza gari gani hilo.

Huku hakuna kiwanda kikubwa kinachokuuzia gari la familia ambalo kiti mwendo kinaingia moja kwa moja. Unaanza kwa kununua gari jipya kama Toyota Sienna au Chrysler Pacifica kwa bei yake kamili, dola 40,000 na zaidi. Halafu linapelekwa kwa kampuni nyingine, linavuliwa viti, sakafu yote inakatwa na kutolewa, inawekwa nyingine chini zaidi kwa karibu sentimita 30. Wanafanya hivyo kwa sababu mtu aliyekaa kwenye kiti mwendo ni mrefu kuliko aliyekaa kwenye kiti cha gari, bila kushusha sakafu kichwa kinagonga mlangoni. Ukishusha sakafu, tangi la mafuta, ekzosi na nyaya zilizopita chini vyote vinahamishwa. Springi zinabadilishwa. Inawekwa rampu, yaani ubao wa mteremko wa kupandishia kiti, inayojifungua kwa mota. Baada ya hapo gari bado lazima litimize sheria za usalama wa ajali kama jipya. Kazi hiyo inaongeza dola 20,000 hadi 30,000, na wakati mwingine zaidi. Wanunuzi ni wachache, kwa hiyo gharama ya mashine na majaribio inawaangukia hao hao wachache, ambao kwa baadhi yao tayari mmoja wa wazazi ameacha kazi ili amlee mgonjwa.

Inaniuma zaidi nikikumbuka kazi hii ilianzia wapi. Aliyeianzisha kwa kiasi kikubwa ni Ralph Braun wa mji mdogo wa Winamac, jimbo la Indiana, hapo jirani yetu. Alikuwa na ugonjwa wa misuli tangu mdogo, na katika miaka ya 1960 alijitengenezea kigari kidogo cha kukalia chenye mota, kisha akaweka lifti kwenye gari ili aweze kwenda kazini. Alitengeneza kwa sababu alitaka kutoka nje. Leo kitu alichokibuni kwa shida yake hakishikiki kwa mtu mwenye shida ile ile.

Utasema tungenunua mtumba. Tulizunguka sana. Gari la miaka kumi lenye rampu linauzwa bei ya gari jipya la kawaida. Tena huku wakati wa theluji barabara zinamwagiwa chumvi, na sakafu iliyoshushwa iko karibu na ardhi, chumvi inaila. Sehemu moja tuliyokwenda walituonyesha gari linalong'aa kwa juu. Shemeji yako alipiga goti akapitisha mkono chini ya rampu, ukatoka na vipande vya kutu. Muuzaji akasema rampu ikigoma tuifungue kwa mkono. Na mtoto akiwa ndani peke yangu nikiwa barabarani?

Msaada upo kidogo. Mwenye kiwanda cha gari anakurudishia kama dola 1,000. Baadhi ya majimbo yana mipango inayolipia ile kazi ya kukata, siyo gari, na foleni ni ndefu. Waliopata ulemavu jeshini wanayo ruzuku yao. Sisi wengine ni mkopo wa miaka kumi. Uingereza wamefanya vizuri zaidi. Huko mtoto mwenye shida kubwa ya kutembea ana posho yake ya usafiri, na mpango wao wa Motability, ulioanza miaka ya 1970, unairuhusu familia kuitoa posho hiyo na kupata gari la kukodi, bima na matengenezo humo humo. Kwa magari ya kiti mwendo bado kuna malipo ya kutanguliza ambayo si madogo, lakini angalau nchi imekubali kwamba ni mzigo wa wote.

Gari letu limekuja. Siku hizi Saidi anapanda rampu mwenyewe, anageuza kiti, tunakifunga kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, kisha yeye anafungwa mkanda wake mwingine. Ijumaa iliyopita alikwenda msikitini na baba yake na hawakurudi mpaka usiku.

Sasa tuje kwa Shangazi, na hapa naomba usome polepole.

Najua anavyosafirishwa. Mama aliniambia: Shangazi anakalishwa kwenye bajaji, mtu huku na mtu huku wamemkumbatia asianguke upande ule uliopooza, na kiti mwendo kinafuata kwenye bajaji ya pili. Nauli mara mbili kwenda, mara mbili kurudi, ndiyo maana kliniki nyingine anaziruka. Kwa hiyo mmewaza gari, na mmewaza vizuri. Lakini Noah ya kawaida haitaondoa kazi ya kumbeba. Mtabadilisha bajaji kwa gari, kunyanyua kutabaki pale pale, na atakayenyanyua mchana wewe ukiwa ziwani ni wifi na Mama.

Wala msinunue ya kawaida mkampe fundi wa kuchomelea pale Mwanga akate sakafu. Simdharau fundi, lakini nimekueleza kinachopita chini ya sakafu, na gari likikatwa vibaya linapoteza uimara wake wote siku ya ajali. Bati la rampu tupu bila kushusha sakafu nalo litakuwa mwinuko mkali, na kichwa cha Shangazi kitagonga.

Angalieni Japani. Hii ndiyo sababu hasa ya barua yangu. Wajapani wana wazee wengi, na kwao magari haya yanatoka kiwandani yakiwa tayari. Toyota wanayaita Welcab: kuna Noah, kuna Sienta, kuna Hiace yenye lifti nyuma. Serikali yao haitozi kodi ya mauzo kwenye gari lenye rampu na vifungo vya kiti mwendo. Kwa hiyo tofauti ya bei kati yake na gari la kawaida si ya kutisha kama huku, na yakichakaa kidogo yanaingia mnadani pamoja na hayo mengine mnayoletewa Dar es Salaam. Usukani ni wa kulia kama wetu. Gari langu mimi hata ningewapa bure lisingewafaa, usukani wake ni wa kushoto na tumbo lake lingekwama kwenye vichochoro vya Ujiji mvua ya kwanza.

Uwe macho na mambo mawili. Kuna Welcab ambayo haina rampu, ina kiti cha abiria kinachozunguka na kushuka nje ya mlango, mgonjwa anahamishwa kutoka kiti mwendo akae hapo. Ni nafuu, na kama Shangazi anaweza kusimama akishikiliwa, pengine inatosha. Mimi moyo wangu uko kwenye rampu, kwa sababu ya Mama. La pili, nyingi zenye rampu hushusha nyuma ya gari kwa springi za hewa wakati wa kupandisha. Ulizia fundi wa Kigoma kama ataziweza kabla hatujaipenda picha.

Kuhusu ushuru: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, inataja magari yaliyotengenezwa maalumu kwa watu wenye ulemavu kati ya vitu vinavyosamehewa ushuru wa forodha. Kwa gari la kawaida ushuru huo ni asilimia 25, siyo kidogo. VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine ni habari tofauti, ziulize moja moja, na gari lililozidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu. Nenda ofisi ya TRA, Mamlaka ya Mapato, ukiwa na barua ya daktari wa Maweni, uulize wanataka karatasi gani na kwa jina la nani. Nenda kabla hatujalipa hata senti moja. Wakala akikuambia "leta gari kwanza tutaongea", mtafute mwingine.

Mchango wangu ni huu: ninyi changeni bei ya Noah ya kawaida kama mlivyopanga, ile tofauti ya kupata yenye rampu nitaitoa mimi, kidogo kidogo, mkopo wangu ukiniruhusu. Pesa ya bati za Mama nimeshaitenga, utaiona mwisho wa mwezi.

Naomba unipimie vitu vitatu Shangazi akiwa amekaa kwenye kiti mwendo: kutoka sakafuni hadi utosini, upana wa kiti gurudumu hadi gurudumu, na urefu kutoka vidole vyake vya mguu hadi mpini wa nyuma. Tumia futi ya fundi, usikadirie. Na umuulize mwenyewe kama anaweza kusimama na kugeuka akishikwa mkono mmoja, asijibiwe na watu wengine.

Saidi anamsalimu mjomba wake na anauliza kama ile mitumbwi ya Kibirizi inaweza kubeba kiti cha umeme. Mjibu wewe, mimi nimeshindwa.

Wasalaam,
Dada yako, Mama Saidi