Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha madaktari wa mifupa,

Vikao vya kila mwezi vya kujadili wagonjwa vilifanyika, mafunzo ya kusoma eksirei yalifanyika, semina ya viungo bandia nayo ilifanyika. Mlikuwepo, au mlipaswa kuwepo; sitarudia.

Nije kwenye azimio lililofanya niitwe dikteta: mwanachama asikate kipande cha uvimbe anaoutilia shaka kabla ya picha ya MRI (kipimo cha sumaku kinachoonyesha ndani ya mwili) na kabla ya kikao cha pamoja. Wapo wanaosema tumewanyang'anya wagonjwa wao. Si kweli. Tunachoomba kiletwe kikaoni ni uvimbe unaozidi sentimita 5, ulio ndani ya misuli au unaoendelea kukua, pamoja na maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtu usiku. Vilipoma (vivimbe vya mafuta) vidogo vya chini ya ngozi endeleeni navyo.

Mwaka huu tuliletewa kijana mwenye uvimbe wa paja ulioandikiwa "damu iliyovilia". Ulikuwa umefunguliwa kwa mkato wa kukingama, na mrija wa kutoa damu umetolewa pembeni, mbali na kidonda. Majibu ya maabara: sarkoma, yaani saratani ya mfupa au ya nyama kama misuli. Sasa, njia yote ya biopsi (huko kukata kipande cha kupimwa) huhesabiwa imechafuka, lazima itoke pamoja na uvimbe. Mkato wa wima ungeondoka kirahisi. Huu ulitulazimu kutoa ngozi na misuli mingi, kisha kuomba ngozi ya kuzibia. Mguu umebaki. Nilisimama mezani kwa muda wa saa 6, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusema. Daktari wa mifupa Mmarekani, Mankin, na wenzake walionya kuhusu biopsi za namna hii mwaka 1982, wakachunguza tena 1996 na kukuta tatizo liko palepale. Sikuanza mimi kuwakera madaktari.

Wanaolalamika zaidi hawakufika siku azimio linapitishwa. Tulikuwa 21 kati ya wanachama 61, akidi ikatimia kwa mtu mmoja, tena tulimtoa wodini kwa simu. Ada wamelipa 26, nusu wamelipa 9. Wanaoahidi kulipa "mwisho wa mwezi" hawahesabiki. Fomu za rufaa nilizichapisha kwa fedha yangu, risiti anazo mweka hazina.

Mwaka ujao, panapo majaliwa, tutaangalia uwezekano wa kuanzisha rejesta ya wagonjwa.

Mwanapatholojia wetu, daktari anayepima vipande hivyo maabara, naye analalamika kuwa bado analetewa vikopo vya vipande visivyo na umri wa mgonjwa wala jina la mfupa, na eksirei hakuna. Tafadhali andikeni.

Mwenyekiti